Neno, Swali na Jeraha: Nafasi ya Kiswahili katika Kinga Mahususi kwa Wanamichezo Walio Katika Hatari Kubwa ya Kuumia

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kinga ya majeraha inavyoweza kupangwa kulingana na hali ya mwanamichezo mmoja mmoja, hususani yule aliye katika hatari kubwa ya kuumia. Hoja kuu ni kwamba kinga ya aina hiyo haianzi na mashine wala vipimo vya maabara, bali huanza na maelezo ya mwanamichezo mwenyewe kuhusu mwili wake: aliumia wapi zamani, nini kinamuuma sasa, na mazoezi yanamchosha kwa kiasi gani. Kwa kuwa maelezo hayo hutolewa kwa lugha, usahihi wa kinga hutegemea usahihi wa swali. Makala yanapitia matokeo ya tafiti zilizochapishwa kati ya mwaka 1992 na 2019, kisha yanachambua maneno ya Kiswahili yanayohusu maumivu na viungo vya mwili, na kuonesha mahali ambapo tafsiri ya neno kwa neno inaweza kumficha mtu aliye hatarini. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa watunga sera wa Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja michuano ya CHAN, na nchi hizo hizo zimepewa uenyeji wa AFCON 2027. Maandalizi ya mashindano ya namna hii huonekana zaidi katika viwanja, barabara na hoteli. Miili ya wachezaji, ambayo ndiyo inayobeba mashindano yenyewe, huzungumziwa pale tu mchezaji anapotolewa uwanjani kwa machela.

Gharama ya kuchelewa huko inafahamika katika ukanda huu. Mwaka 2012 David Rudisha wa Kenya alishinda mbio za mita 800 katika Olimpiki ya London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akaweka rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata hakushiriki mashindano ya dunia ya riadha mjini Moscow kwa sababu ya jeraha la goti. Rudisha alirejea akashinda tena Beijing mwaka 2015 na Rio de Janeiro mwaka 2016. Wapo wengi wasio na jina lake wala wahudumu wake, ambao goti moja huwa mwisho wa safari.

Swali linalojitokeza ni je, mtu aliye katika hatari kubwa anaweza kutambuliwa na kukingwa kabla hajaumia? Taaluma ya tiba ya michezo imelijibu swali hilo kwa sehemu. Sehemu iliyobaki ni ya lugha, na ndiyo inayoshughulikiwa hapa.

2.0 Kutoka Kinga ya Wote hadi Kinga Mahususi

Msingi wa utafiti wa kinga ya majeraha uliwekwa na van Mechelen, Hlobil na Kemper (1992), walioeleza hatua nne: kupima ukubwa wa tatizo, kutambua chanzo na namna jeraha linavyotokea, kuingiza hatua za kinga, kisha kupima upya ili kuona kama tatizo limepungua. Finch (2006) aliupanua mtazamo huo kwa kusisitiza kwamba kinga iliyofaulu katika jaribio haina thamani ikiwa makocha na wachezaji hawaitumii katika mazingira yao halisi.

Mfano unaojulikana zaidi wa kinga ya wote ni programu ya FIFA 11+. Hii ni namna ya kupasha mwili yenye mazoezi 15 yanayochukua takriban dakika 20: kukimbia taratibu, kuimarisha misuli, kujizoesha mizani na kuruka, kisha kukimbia kwa kasi. Mwaka 2008 Soligard na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wasichana wa Norway wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban theluthi moja miongoni mwa waliofuata programu hiyo. Barani Afrika, Owoeye na wenzake (2014) waliijaribu kwa vijana wanaocheza soka mjini Lagos, Nigeria, na majeraha kwa jumla yakapungua kwa asilimia 41. Matokeo hayo yanaondoa dhana kwamba kinga ni anasa ya nchi tajiri. Programu hii inahitaji uwanja, mpira na kocha anayeijua.

Hata hivyo, kinga ya wote humtazama kila mchezaji kana kwamba ana mwili uleule. Beki aliyeteguka kifundo cha mguu mara tatu hupewa zoezi lilelile analopewa kijana ambaye hajawahi kuumia. Ndipo linapokuja wazo la kinga mahususi, yaani kinga inayoongeza juu ya msingi wa wote kile anachokihitaji mtu fulani kwa sababu ya historia yake, mchezo wake na kazi anayoupa mwili wake.

3.0 Nani Aliye Hatarini?

Kati ya dalili zote za hatari, moja hujirudia katika tafiti nyingi: jeraha la zamani. Aliyewahi kuchanika msuli wa nyuma ya paja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena. Habari njema ni kwamba watu hao ndio pia hunufaika zaidi na kinga. Verhagen na wenzake (2004) walichunguza mazoezi ya mizani kwa wachezaji wa mpira wa wavu na kubaini kuwa yalipunguza kuteguka kifundo kwa wale tu waliowahi kuteguka. Hupperets na wenzake (2009) waliwafuatilia wanamichezo 522 wa Uholanzi waliokuwa wametoka kuteguka kifundo. Waliofanya mazoezi ya mizani nyumbani, mara tatu kwa wiki kwa wiki nane, walijirudia kuteguka kwa asilimia 22, huku wasioyafanya wakijirudia kwa asilimia 33. Nchini Denmark, Petersen na wenzake (2011) waliwapa wachezaji wa soka zoezi la kupiga magoti na kujishusha mbele polepole huku mwenzao amewashika vifundo. Katika timu 50 zenye wachezaji 942, waliofanya zoezi hilo walipata majeraha 15 ya misuli ya nyuma ya paja, na wenzao walipata 52. Unafuu ulikuwa mkubwa zaidi kwa waliowahi kuumia. Mapitio ya van Dyk na wenzake (2019) yaliyojumuisha wanamichezo 8,459 yalithibitisha kwamba zoezi hilo hupunguza majeraha ya aina hiyo kwa takriban nusu.

Hapa watunga sera wanahitaji tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba kuwa na dalili ya hatari si sawa na kutabiriwa kuumia. Bahr (2016) alionesha kwamba vipimo vya mwanzo wa msimu, kama vile nguvu za misuli, huweza kuhusiana na majeraha katika kundi zima na bado visiweze kumtenga atakayeumia na asiyeumia, kwa kuwa matokeo ya makundi hayo mawili hupishana kidogo tu. Shirikisho linaloshawishiwa kununua mashine ya kubashiri majeraha linapaswa kuikumbuka hoja hiyo.

Tahadhari ya pili inatoka katika utafiti wa Engebretsen na wenzake (2008) nchini Norway, ambao ni jaribio la wazi la kinga mahususi. Wachezaji 508 wa timu 31 waliulizwa kwa dodoso kuhusu majeraha ya zamani na hali ya kifundo, goti, misuli ya nyuma ya paja na kinena. Asilimia 76 walionekana kuwa katika hatari kubwa. Baadhi yao walipewa mazoezi ya kufanya peke yao, na mwisho wa msimu hapakuwa na tofauti ya maana kati yao na wasiopewa. Sababu mojawapo haikuwa ya kitabibu hata kidogo, kwani katika kila kundi waliofikisha kiwango cha chini cha mazoezi hawakufika hata theluthi moja. Utafiti huo unafundisha mambo mawili. Dodoso likiwaweka robo tatu ya wachezaji katika kundi la hatari, neno “hatari” hupoteza nguvu ya kuchagua. Aidha, mchezaji aliyeachiwa karatasi ya mazoezi bila msimamizi hawezi kuhesabiwa kuwa amekingwa.

4.0 Swali kama Chombo cha Kinga

Ikiwa vipimo vya mwanzo wa msimu havitoshi, kinachobaki ni kumfuatilia mtu wiki hadi wiki. Clarsen, Myklebust na Bahr (2013) walitengeneza dodoso fupi la maswali manne kwa ajili ya kazi hiyo. Maswali hayo yanahusu ushiriki, kupunguza mazoezi, kushuka kwa uwezo na maumivu, na yote huelekezwa kwenye kiungo kimoja. Kila jibu hupewa alama, na jumla huwa kati ya 0 na 100. Walipolijaribu kwa wanamichezo 313 wa michezo mitano, dodoso lilibaini matatizo 419 yatokanayo na kutumia mwili kupita kiasi. Mbinu ya kawaida ya kuhesabu majeraha ilibaini 40 tu kwa watu hao hao.

Tofauti ya 419 na 40 haikuletwa na kifaa kipya cha kutazama ndani ya mwili, bali na namna ya kuuliza. Mbinu ya kawaida iliuliza juu ya jeraha lililomzuia mtu kucheza, wakati dodoso liliuliza juu ya shida anayocheza nayo.

Chombo cha pili ni kipimo cha uzito wa mazoezi kilichoenezwa na Foster na wenzake (2001). Mwanamichezo huulizwa baada ya mazoezi yalikuwa mazito kwa kiasi gani kati ya 0 na 10, kisha namba hiyo huzidishwa kwa dakika alizofanya. Mazoezi ya dakika 60 yaliyopewa 7 huhesabiwa kuwa 420. Kocha akiona jumla ya wiki ya mkimbiaji imepanda ghafla huku ugoko ukianza kumuuma, ana sababu ya kupunguza kilomita kabla mfupa haujapata ufa.

Vyombo hivi viwili havihitaji umeme wala maabara. Vinahitaji daftari, mtu wa kuuliza na maneno ambayo anayeuliza na anayejibu wanayaelewa kwa namna moja.

5.0 Maneno ya Kiswahili na Mtu Anayefichika

5.1 Jeraha na majeruhi

Kwa wazungumzaji wengi, jeraha ni kidonda au athari ya tukio, na ndani yake kuna damu, ajali au pigo. Magazeti ya michezo yameupanua upeo wake, na hata neno majeruhi, ambalo asili yake ni mtu aliyejeruhiwa, husikika likitumiwa kwa jeraha lenyewe. Hata hivyo maana ya tukio bado imo. Mkimbiaji ambaye ugoko umemuuma kwa wiki tatu bila kuanguka wala kugongwa akiulizwa “Umepata jeraha lolote wiki hii?” atajibu hapana, na kwa Kiswahili chake atakuwa amesema kweli. Swali hilo linarudia kasoro ileile ya mbinu iliyoona 40 mahali penye 419.

5.2 Kuuma, kuumwa na kuumia

Vitenzi hivi vitatu vina mzizi mmoja na kazi tofauti. Kuumia ni kupatwa na dhara, aghalabu kwa tukio. Kuumwa kunaweza kuhusu kiungo, kama katika “naumwa goti”, lakini kinaposimama peke yake humaanisha kuwa mgonjwa. Ndiyo maana swali “Unaumwa?” humfikirisha mtu juu ya malaria au homa kuliko kifundo chake. Kuuma hukifanya kiungo kuwa mtendaji, kama katika “goti linaniuma”, na hakidai tukio wala ugonjwa. Kwa hiyo swali linalofaa dodoso la kila wiki ni “Je, kuna sehemu yoyote ya mwili iliyokuuma au kukusumbua wiki hii ulipofanya mazoezi?” Kitenzi kusumbua kinawabeba wale wanaohisi mkazo au udhaifu bila maumivu.

5.3 Mguu na mshipa

Katika Kiswahili mguu huanzia nyongani na kuishia kwenye unyayo. Mzungumzaji wa Kirundi au Kinyarwanda hutenga ukuguru na ikirenge, na wa Kiluganda hutenga okugulu na ekigere. Anapoingia katika Kiswahili, tofauti aliyoizoea hupotea ndani ya neno moja. “Mguu unaniuma” linaweza kuwa paja, goti, ugoko, shavu la mguu, kifundo au kisigino, na kila kimojawapo kina kinga yake. Mshipa nao katika mazungumzo ya kila siku hubeba mishipa ya damu, ya fahamu na hata kano. Kamusi za istilahi za tiba zimejitahidi kuyatenganisha maneno haya, lakini mchezaji hajibu dodoso akiwa na kamusi mkononi. Suluhisho jepesi ni mchoro wa mwili, mbele na nyuma, ambao mchezaji anaugusa kwa kidole kabla ya kutaja jina. Mchoro haulazimishi istilahi, bali humpa muulizaji nafasi ya kuitaja sahihi mbele ya mchezaji, na istilahi ikajifunzwa kwa matumizi.

5.4 Nzuri na kidogo

Utaratibu wa salamu za Kiswahili hudai jibu jema kwanza. Anayeulizwa “Habari za mguu?” hujibu “Nzuri”, na shida, kama ipo, hufuata nyuma ya neno ila au lakini. Anayefunga daftari baada ya “nzuri” hupata nusu ya jibu. Swali la kinga kwa hiyo halipaswi kuvaa umbo la salamu. Salamu zitolewe na kupokewa kwa heshima zake, kijana ampe kocha shikamoo na kupokea marahaba, ndipo daftari lifunguliwe.

Neno kidogo nalo ni la adabu kabla ya kuwa kipimo. “Inauma kidogo” inaweza kusemwa na mtu ambaye usiku hakulala. Badala ya kutegemea kipimo cha maumivu peke yake, muulizaji aulize juu ya kazi: “Wiki hii ulipunguza mazoezi kwa sababu hiyo? Kuna zoezi uliloliacha? Ulimaliza mbio zote?” Kitendo hakina adabu ya kujipunguza. Vivyo hivyo, katika kipimo cha Foster neno mazito linafaa kuliko magumu, kwa kuwa zoezi gumu linaweza kuwa lile lisiloeleweka kwa urahisi na si lile linalochosha.

6.0 Siri na Mamlaka ya Anayeuliza

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu anayeficha. Katika michezo, hata hivyo, kuficha huwa na hesabu zake. Mchezaji anayesema goti linamuuma anaweza kupoteza nafasi kikosini, posho ya mechi au safari ya mashindano ambayo familia nzima inaitegemea. Mkimbiaji wa Iten au Kapchorwa anaweza kuwa anazungumza Kikalenjini na wenzake, Kiswahili na kocha, na kukuta fomu ya daktari imeandikwa kwa Kiingereza. Kila hatua ya lugha humweka mbali zaidi na anayeamua hatima yake.

Kwa sababu hiyo anayeuliza asiwe ndiye anayepanga kikosi, na majibu yasisomwe mbele ya timu. Mchezaji aelezwe tangu mwanzo nani ataona alama zake na zitatumika kwa nini. Jibu la kweli linapaswa kumletea mchezaji msaada unaoonekana: zoezi la mizani kwa aliyeteguka, mpango wa kupunguza kilomita kwa mwenye maumivu ya ugoko, zoezi la kujishusha mbele kwa aliyechanika nyuma ya paja, na msimamizi anayehakikisha yamefanyika. Jibu likimletea benchi tu, wiki ijayo atajibu “nzuri”.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, mashirikisho ya michezo yaweke kinga ya wote kuwa msingi. Kupasha mwili kwa dakika 20 kuwe sehemu ya mafunzo ya makocha wa ngazi zote, na kinga mahususi ijengwe juu yake.

Pili, BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zishirikiane na madaktari wa michezo kuandaa dodoso moja la kila wiki. Tafsiri ifanywe na watu wawili kwa kujitegemea na kurudishwa katika lugha ya awali na mtu wa tatu. Kisha wanamichezo waulizwe walichoelewa katika kila swali. Majaribio yasiishie Dar es Salaam na Nairobi, bali yafike Zanzibar, Bujumbura, Kigali, Bukavu na Kapchorwa, kwa kuwa Kiswahili cha kila mahali kina majirani wake.

Tatu, dodoso liambatane na mchoro wa mwili na orodha fupi ya istilahi za viungo, zikiwemo ugoko, kinena, nyonga, kano na shavu la mguu.

Nne, historia ya majeraha iandikwe kwa matukio na muda. Kuteguka hutumiwa kwa kiungo kilichovutika na kwa kilichotoka mahali pake, hivyo swali lifuatiwe na jingine: “Ulikaa siku ngapi bila kucheza?”

Tano, fedha za vipimo vya kubashiri zielekezwe kwanza kwa wasimamizi wa mazoezi. Jaribio la Norway la mwaka 2008 lilionesha kwamba kumtambua mtu bila kumsimamia hakumkingi.

8.0 Hitimisho

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 uliitaka lugha ya Kiswahili iendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya watu wa Jumuiya. Mara nyingi mjadala wa utekelezaji wake huhusu mabunge, mahakama na shule. Uwanja wa mazoezi ni mahali pengine ambapo mawasiliano hayo hupimwa kila siku, na matokeo yake huonekana katika goti na kifundo cha mtu. Tiba ya michezo imekwisha kuonesha mazoezi yanayofaa na watu wanaonufaika nayo zaidi. Kazi ya wataalamu wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba watu hao wanapoulizwa, wanaulizwa kwa maneno yanayowafikia, na kwamba jibu lao linasikika kabla mfupa haujapasuka.